Hendibreki ya Altezza haishiki mlimani, na kila fundi anakaza nati ileile

*"Nina Toyota Altezza ya mwaka 2000, gia ya mkono, hapa Kigoma mjini. Naishi Mwanga na kazini kwangu ni kule chini karibu na stesheni, kwa hiyo gari yangu inashinda kwenye mteremko kila siku. Hendibreki ilianza kusumbua tangu mvua za mwaka jana. Navuta mpaka juu kabisa, meno kama 12, na bado gari inateleza taratibu. Fundi amekaza nati ya pale kwenye mkono mara mbili. Inashika wiki moja au mbili, halafu inarudi kulekule. Sasa tairi la nyuma kulia linapata moto, rimu haishikiki. Fundi wa pili anasema pedi za nyuma zimekwisha. Wa tatu anataka kunifungia hendibreki ya haidroliki, kama za magari ya drifti, nisahau habari ya kebo. Mzee mmoja mtaani ananiambia niweke gia na jiwe, hendibreki ni mapambo tu. Halafu taa nyekundu ya breki huwa inawaka kidogo nikikata kona wakati nashuka, kisha inazima, ila nadhani ni hiyohiyo hendibreki. Nianzie wapi? Na naweza kuendelea kuiendesha?"*

Ndugu yangu, nianze na hilo ulilolitaja mwishoni kama nyongeza, kwa sababu ndilo lililonishtua kuliko mengine yote. Taa nyekundu ya breki ina kazi mbili. Inawaka ukivuta hendibreki, kupitia swichi ndogo iliyo chini ya mkono wake. Inawaka pia mafuta ya breki yakipungua kwenye chupa yake kule kwenye injini. Mkono ukiwa chini kabisa, kona haiwezi kuigusa swichi ile. Kinachohama ukikata kona ni mafuta: yakiwa machache yanalalia upande mmoja, boya linashuka, taa inawaka, na gari likinyooka yanarudi na taa inazima. Kwa hiyo taa yako haiilalamikii hendibreki. Inakwambia kitu kuhusu breki ya mguu, ile unayoitegemea ukishuka kutoka Mwanga.

Kabla hujagusa kebo yoyote, egesha mahali tambarare, fungua boneti, uiangalie chupa ile. Yakiwa chini, usiongeze ukafunga boneti ukaridhika. Mafuta ya breki hayaliwi na injini, yakipungua yamekwenda mahali. Ama pedi zimelika, pistoni za kalipa (kile kibano kinachozikandamiza pedi kwenye diski) zimetoka nje zaidi na mafuta yamezifuata, na hilo ni la kawaida kabisa. Ama kuna mahali panavuja, na hapo hakuna cha kusubiri. Chungulia upande wa ndani wa kila tairi, papasa hozi za breki, kisha weka mkono pale pedali ya breki inapoingilia ukutani, uone kama pana unyevu. Ukikuta unyevu popote, gari lisimame hapo lilipo mpaka fundi aje.

Na hata usipokuta, jibu la swali lako la mwisho ni kwamba kwa sasa usiliendeshe, hasa kwenye mteremko ule. Tairi linalopata moto kiasi cha rimu kutoshikika linachemsha vitu vilivyo jirani nalo, na kimoja kati ya hivyo ni mafuta ya breki ndani ya kalipa. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yananyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea, kwa hiyo unakanyaga pedali inazama na gari linaendelea kwenda. Sisemi hivi kukutisha. Ila mjini Kigoma barabara nyingi huishia chini ziwani.

Sasa hendibreki yenyewe.

Fundi wa pili amekosea kuhusu chanzo. Kwenye Altezza pedi za nyuma hazina uhusiano wowote na hendibreki. Yako magari ambayo kebo inavuta kalipa yenyewe na pedi zilezile ndizo zinazobana, na Mazda Roadster ni mojawapo, kwa hiyo naelewa alikotoa wazo hilo. Lako limejengwa tofauti. Diski ya nyuma ukiitazama kwa pembeni ina umbo la kofia ya pama: ukingo mpana unaobanwa na pedi, na katikati kichwa kilichoinuka. Ndani ya kichwa hicho pana uwazi, na ukuta wake wa ndani ni drami ndogo. Humo ndimo zilimo shuu mbili nyembamba (vipande vya chuma vilivyopinda), springi zake, ajasta (kigurudumu chenye meno cha kuzisogeza shuu karibu na drami), na wenzo mdogo unaovutwa na kebo. Ukivuta mkono, kebo inavuta wenzo, wenzo unazitanua shuu, shuu zinaukandamiza ukuta wa drami. Hakuna hata tone la mafuta linalohusika, na imefanywa hivyo makusudi, ili mafuta yote yakimwagika barabarani ubakiwe na kitu cha kulizuia gari.

Pamoja na hayo usimdharau. Kwa habari ya ile taa, huenda pedi zako kweli zimelika. Zikaguliwe, na zikihitaji zibadilishwe, ila usitegemee kwamba hendibreki itapona kwa hilo.

Fundi wa kwanza ndiye aliyeniuma zaidi, maana kosa lake ndilo nalikuta kila mahali. Shuu zikiwa mbali na drami, pengo hilo unaweza kuliziba kwa njia mbili: kwa ajasta iliyo ndani ya gurudumu, au kwa kukaza nati iliyo kwenye mkono. Ya pili ni ya dakika tano na haichafui shati. Lakini kebo ikikazwa ili kuziba pengo la shuu, ule wenzo wa ndani haurudi tena mahali pake pa kupumzika. Unabaki umevutwa nusu safari saa zote. Nguvu yake imekwisha kuliwa kabla hujavuta chochote, na wakati huohuo shuu zinaparaza drami gari likitembea. Zikiparaza zinapata moto, uso wa lainingi, lile tabaka la kushikia lililobandikwa kwenye shuu, unakuwa mgumu na kung'aa, na shuu ya namna hiyo haishiki hata mkono uvutwe na watu wawili. Wiki mbili zinapita, unarudi kwa fundi, anakaza tena. Kila akikaza anaongeza ugonjwa.

Nati ya kwenye mkono ni ya mwisho kuguswa. Kazi ya hendibreki ya aina hii inaanzia kwenye gurudumu na kuishia kwenye mkono, si kinyume chake.

Kwa nini pengo lilitokea kwanza? Shuu hizi haziliki sana, kwa sababu kazi yake ni kushikilia gari ambalo tayari limesimama. Mara nyingi ukizifungua unakuta lainingi bado nene, tatizo liko kwingine: drami imeota kutu, vumbi jekundu limechanganyika na maji ya mvua likawa tope kavu kwenye ajasta, springi zimechoka, au kebo imekwama ndani ya ganda lake. Watu wa kwetu hupenda kulisingizia ziwa kwa kutu ya magari. Ziwa Tanganyika halina chumvi ya kulisumbua gari lako. Kutu nyingi ya chini ya magari haya ilikuja nayo kutoka Japani, kwenye mikoa ambako barabara hunyunyiziwa chumvi ili kuyeyusha theluji, na masika zetu zinamalizia tu kazi iliyokwisha anzwa. Gari la mwaka 2000 kama bado lina kebo zake za kiwandani, hizo kebo zimekula chumvi muda mrefu kabla hujalijua.

Tairi la kulia linalochemka litakupa dalili nzuri ukilihoji kwa utaratibu. Weka gari mahali tambarare kabisa, tia vigogo mbele na nyuma ya matairi ya mbele, inua nyuma, kisha uliketishe juu ya stendi mbili. Jeki peke yake si ya kulala chini yake, hata kwa dakika moja. Gia iwe huru, mkono chini. Zungusha matairi ya nyuma kwa mkono. Gari lako linasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo utasikia uzito kiasi wa difu, na huenda tairi la pili likazunguka pia. Usidhani huo ni mkwamo. Mkwamo ni ule unaosikia kitu kinaparaza au tairi linagoma mahali pamoja.

Likigoma, legeza kabisa ile nati ya kwenye mkono. Tairi likiachia, kebo ilikuwa imekazwa kupita kiasi, na hilo ndilo ninalolitegemea kwako. Likiendelea kugoma, angalia nyuma ya gurudumu kama kebo imerudi: kebo iliyokwama inabaki imevutwa hata huku mbele ikiwa legelege. Kama nayo imerudi, ondoa tairi, fungua kalipa na uitundike kwa waya, usiiache ining'inie kwa hozi yake. Zungusha diski. Ikiwa sasa ni nyepesi, mwenye kosa ni kalipa: pini zake zimekauka au pistoni imekwama, na hendibreki ilikuwa inasingiziwa. Ikibaki nzito, shuu ndizo zinazobana.

Hatua hizo chache zinakuokoa usinunue kebo, kalipa na pedi kwa kubahatisha.

Tuseme umefika kwenye shuu. Diski mara nyingi inagoma kutoka kwa sababu ya kutu. Usiipige nyundo kwenye ukingo. Kwenye uso wake kuna matundu mawili yenye nyuzi, ingiza boti mbili za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, itasukumwa nje yenyewe. Kama shuu zimechimba mfereji ndani ya drami zitaizuia, kwa hiyo rudisha ajasta kwanza kupitia tundu la kuifikia, lenye kizibo cha mpira. Ikishatoka, usipulize vumbi kwa kompresa wala kwa mdomo. Lainingi za zamani, na za bei ya kutupa hata zikiwa mpya, zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa.

Angalia unene wa lainingi. Ikibaki milimita 1 au pungufu, shuu imekwisha. Angalia pia kama lainingi bado imeshikana na chuma chake pande zote. Hizi zimegundishwa, na kutu huingia katikati ikaibandua polepole. Lainingi iliyobanduka ikizunguka ndani ya drami inaweza kulifunga tairi ghafla ukiwa mwendoni. Ukisikia kitu kinakwaruza au kugonga kwa kufuata mzunguko wa tairi la nyuma, simama. Na asikudanganye mtu kwamba atairudishia kwa gundi ya viatu. Ikiwa lainingi ni nzima ila inang'aa, isugue kwa msasa mpaka uso ufifie, sugua na ukuta wa drami uondoe kutu. Fungua ajasta, isafishe nyuzi zake, ipake grisi kidogo ya kuhimili joto, na grisi hiyo isifike kwenye lainingi.

Kebo unaipima ikiwa imechomolewa pande zote mbili. Vuta waya wa ndani kwa mkono: inapaswa kuteleza bila kusita. Ikisita, au mpira wa mwishoni umechanika, ibadilishe. Najua wapo wanaomimina oili, na kwa Kigoma nimeshasikia hata mawese. Oili inakupa majuma machache, mawese yanakusanya vumbi na kuganda asubuhi ya baridi. Kutu iliyo ndani ya ganda haitoki kwa kulainishwa.

Kurudishia ndiko kwenye siri yote. Nati ya kwenye mkono iwe bado legevu. Rudisha diski, ishikilie kwa nati mbili za tairi ili ikae sawa. Pitisha bisibisi kwenye lile tundu, tumia tochi, zungusha ajasta mpaka diski igome kabisa kuzunguka. Kisha irudishe nyuma meno 8. Diski sasa izunguke huru. Fanya upande wa pili vilevile. Vuta mkono mara kadhaa ili shuu zijiweke katikati, kisha rudia kipimo, maana mara nyingi ya pili hutofautiana na ya kwanza. Hapo tu ndipo unapokwenda kwenye nati ya mkono, uikaze mpaka hendibreki ishike ndani ya meno 5 hadi 8 ukivuta kwa nguvu ya kilo 20 hivi, na mkono ukiwa chini matairi yote mawili yasiparaze hata kidogo.

Shuu mpya au zilizosuguliwa zinahitaji kuzoeana na drami. Toyota wana utaratibu wao: mwendo wa kilomita 50 kwa saa hivi kwenye barabara kavu, salama na tambarare, ukiwa umebonyeza kitufe cha mkono muda wote usijifunge, vuta taratibu kwa nguvu ya kama kilo 9, uende hivyo mita 400. Pumzisha zipoe, rudia mara mbili au tatu. Kwako ningechagua kipande kilichonyooka cha lami ya kwenda Kidahwe, alfajiri, pasipo baiskeli wala bodaboda. Gari la kusukumwa nyuma ukilivutia hendibreki kwa ghafla litazunguka, na Altezza halihitaji kubembelezwa sana kwa hilo. Kama mkono wako hauna uhakika, mwachie fundi.

Spea: nunua shuu za magurudumu yote mawili pamoja na springi zake. Kebo usiagize kwa kutaja "ya Altezza" tu. Lipo la silinda nne, SXE10, na la silinda sita, GXE10, kwa hiyo tuma namba ya chesisi, na ukiweza tuma ile ya zamani kwa basi Dar es Salaam ilinganishwe kwa macho. Shuu za mtumba zilizo nzima sina tatizo nazo. Kebo ya mtumba sikushauri, maana imeshaishi maisha yaleyale ya hiyo unayoitoa.

Kuhusu haidroliki. Ile ya drifti imebuniwa kufunga matairi kwa sekunde moja ili gari liteleze, kisha iachie. Kwa kuegesha inategemea shinikizo la mafuta, na shinikizo hushuka vitu vikipoa au mpira wa ndani ukivujisha kidogo. Unaliacha gari limeshika saa mbili asubuhi, saa nne linaondoka peke yake. Ukitaka kuifunga kwa ajili ya michezo ni fedha yako, ila ile ya kebo ibaki na ifanye kazi.

Mzee wa mtaani yuko sahihi nusu. Gia weka, kila mara: ya kwanza gari likitazama juu, ya rivasi likitazama chini, na usukani uukate ili likiachia liende kando, si katikati ya barabara. Lakini gia peke yake ni mgandamizo wa injini, nao huvuja taratibu, kwa hiyo kwenye mteremko mkali gari linaweza kusogea hatua kwa hatua. Jiwe nalo huteleza kwenye lami iliyolowa. Chonga kigogo cha mti chenye umbo la kabari, kiwe kinakaa kwenye buti, na ukiondoka ondoka nacho. Mawe mnayoyaacha barabarani pale mlimani yamekwisha angusha pikipiki za kutosha.

Sehemu kubwa ya kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe kama una stendi mbili, tochi na subira. Mwite fundi bila kujishauri ukikuta mafuta yanavuja, pistoni ya kalipa imekwama, diski imegoma hata kwa boti, au lainingi imebanduka na tairi limewahi kujifunga. Na kabla ya kumkabidhi ufunguo muulize ataanzia wapi. Akisema kwenye nati ya mkono, mshukuru na utafute mwingine.

Mkimaliza, lijaribu kwenye mteremko mdogo ulio wazi nyuma na mbele: mguu kwenye breki, vuta mkono, gia huru, achia mguu polepole. Fanya likitazama juu, geuza, fanya likitazama chini. Baada ya mwezi hesabu meno tena. Yakiwa yameongezeka moja ni shuu zimekaa mahali pake, acha. Yakiongezeka matatu au zaidi, rudi kwenye ajasta, na ukikuta shuu ziko sawa, basi kebo inanyumbuka na wakati wake umefika.